Ghaibu na Ng'ambo: Malezi ya Ugenini katika Maandishi ya Mukasonga, Umutesi na Faye Yakisomwa kutoka Rusizi I

Ikisiri

Makala hii inahakiki usawiri wa malezi na kumbukumbu za familia zilizoishi ugenini katika vitabu vinne vya waandishi wenye asili ya Rwanda: La femme aux pieds nus (2008) cha Scholastique Mukasonga, Fuir ou mourir au Zaïre (2000) cha Marie Béatrice Umutesi, na Petit pays (2016) pamoja na Jacaranda (2024) vya Gaël Faye. Inadaiwa kwamba dhana ya ughaibuni, ambayo wahakiki na washauri wa sera wameizoea, inaficha jambo la msingi katika vitabu hivi: ugenini mwingi wa ukanda wa Maziwa Makuu ni wa ng'ambo, yaani wa upande wa pili unaoonekana. Tofauti hiyo inabadilisha kazi ya mzazi, namna mtoto anavyoipokea kumbukumbu, na nafasi ya Kiswahili ndani ya familia.

Mahali pa kusomea

Daraja la Rusizi I liko karibu na mahali mto unapotoka Ziwa Kivu kuanza safari yake ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande mmoja ni Cyangugu na Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda. Upande wa pili ni Bukavu, makao makuu ya Kivu ya Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malori ya mizigo hupitia zaidi Rusizi II, kusini kidogo. Rusizi I ni kivuko cha watu wa miguu: wanawake wenye vikapu vya nyanya na samaki, wanafunzi, wagonjwa wanaofuata tabibu, jamaa wanaokwenda msibani. Anayesimama Cyangugu haitazami Kongo kama nchi ya mbali. Huyaona mabati ya nyumba za Bukavu na njia zinazopanda vilima vyake, na usiku huona taa.

Familia zimeuvuka mpaka huu na watoto migongoni, kwa zamu, kutoka pande zote mbili. Kuanzia mwaka 1959 na katika miaka ya mwanzo ya 1960, Watutsi waliokimbia mauaji na kufukuzwa waliingia Kivu. Baadhi waliwekwa katika makazi ya wakimbizi kama Kalonge na Lemera, wengine wakajitafutia maisha mjini. Julai na Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya Wahutu walivuka kuingia Bukavu, raia wa kawaida wakiwa wamechanganyika na wauaji waliokimbia mkono wa sheria. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliufikia mji, kambi zikavunjwa, na watu wakatawanyika. Katikati ya mwaka 2004 wakimbizi walikuja kwa mwelekeo wa kinyume, kutoka Bukavu kuingia Cyangugu. Na Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, familia za Bukavu zilijikuta tena zikipima kama zivuke au zibaki.

Historia hiyo inajulikana, na si kusudi la makala hii kuisimulia upya. Inatajwa kwa sababu ina swali la kifasihi ambalo uhakiki wa Kiswahili haujalipa uzito wake: mzazi anamleaje mtoto katika nchi ya kigeni iliyo mbele ya nchi yake mwenyewe, na kumbukumbu ya nyumbani hujengwaje pale ambapo nyumbani kunaonekana kwa macho?

Maneno mawili

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia hali ya kuishi nje ya kwao, na mhakiki asiyeyachambua huishia kuyatumia kana kwamba yana uzito mmoja. Uhamishoni hudokeza nguvu iliyomwondoa mtu. Ukimbizini hudokeza mbio na hofu. Ugenini ni neno pana zaidi, linalomwangalia mtu kutoka kwa wenyeji. Lakini katika nyaraka za sera na katika uhakiki wa miongo ya karibuni, neno lililotawala ni ughaibuni.

Ughaibuni limejengwa juu ya ghaibu, neno lenye asili ya Kiarabu linalotaja kile kisichokuwapo mbele ya macho. Ndugu yake ni ghibu, analolijua kila aliyepita chuoni: kusoma kwa ghibu ni kusoma bila kitabu, kwa yale yaliyohifadhiwa moyoni. Ukoo huo wa maneno una maana kubwa. Aliye ghaibuni huijua nchi yake kwa ghibu. Mzazi aliyeko Uingereza au Marekani humkaririsha mtoto nchi asiyoiona. Mtoto huipokea kama anavyopokea sura ya Kurani au shairi, maneno yakiwa kamili na mahali penyewe pakiwa hapapo. Kosa la mzazi halina wa kulisahihisha, na utamu alioongeza hauna wa kuupunguza.

Neno la pili ni ng'ambo. Kamusi zetu hulipa maana mbili: upande wa pili wa mto, bahari au barabara; na nchi za nje. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa. Ng'ambo ya mji wao ilikuwa upande wa pili wa ghuba ndogo iliyoutenga Mji Mkongwe, na jina Darajani bado linakumbusha daraja ingawa maji yalikwisha kufukiwa. Ng'ambo ni ya wengine, ila inaonekana na inaitika ukiita kwa sauti ya kutosha. Kinyarwanda nacho kina hakurya, upande wa kule, na hakuno, upande wa huku, maneno ya watu wa milima ambao jirani yao yuko ng'ambo ya bonde. Kukosa kutofautisha ughaibuni na ng'ambo kumewafanya wahakiki wamsome mama aliyelea watoto Bukavu kana kwamba amelea Brussels.

Tofauti haiko katika kilomita peke yake. Mtoto wa ng'ambo anaweza kuipima hadithi ya mzazi wake. Akiambiwa kwamba milima ya kwao ni mizuri kuliko yote, ataitazama jioni hiyo hiyo na kuuliza mbona inafanana na hii ya hapa. Akiambiwa kwamba hawezi kurudi, ataona watu wengine wakivuka. Kumbukumbu ya ng'ambo kwa hiyo huwa mjadala kati ya mzazi na mtoto, wakati kumbukumbu ya ghaibu huelekea kuwa somo la kukariri.

Stefania na nyumba ya nyasi

La femme aux pieds nus ni kitabu cha mwana aliyenusurika kuhusu mama aliyeuawa. Mukasonga alizaliwa mwaka 1956 katika eneo la Gikongoro, na mwaka 1960 familia yake ilihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Nyamata, Bugesera. Mama yake, Stefania, hakuvuka mpaka wowote wa kimataifa. Aliishi ugenini ndani ya nchi yake. Kwa kipimo cha sera asingehesabiwa mkimbizi, na kwa kipimo cha diaspora asingekuwamo kabisa. Hata hivyo hakuna kitabu katika kundi hili kinachoonyesha kazi ya kulea ugenini kwa undani zaidi.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama maombolezo, na mwandishi mwenyewe anawapa sababu, kwa kuwa anakifungua kwa maiti ya mama ambayo mabinti hawakuwapo kuisitiri. Ila msomaji akiishia hapo atakuwa amekiacha kitabu mlangoni. Sehemu kubwa ya kurasa zake zinahusu kazi. Stefania hawezi kuvumilia kuishi bila inzu, nyumba ya jadi ya nyasi zilizosukwa, naye anajenga moja nyuma ya kibanda walichopewa. Anapanda mtama na kushika desturi za mavuno. Anatibu kwa mitishamba, anapanga ndoa, anasimulia hadithi usiku. Kila tendo ni kipande cha Gikongoro kinachosimamishwa upya katika ardhi kame ya Bugesera, na watoto hawaambiwi nyumbani kukoje. Wanaingia ndani yake, wanalala humo, wanakula humo.

Hapa ndipo ustadi wa Mukasonga ulipo. Anajua kwamba kumbukumbu ya familia haihifadhiwi kwa hotuba. Mtoto hukumbuka alichokigusa. Kinyarwanda husema kurera pale Kiswahili kinaposema kulea, shina moja la Kibantu, na katika Stefania kitenzi hicho kinarudi kwenye maana yake ya mikono.

Lipo jambo jingine katika sura ya kuwaokoa watoto ambalo halijasemwa vya kutosha. Stefania anawafundisha watoto wake kukimbia. Anatafuta maficho, anaweka akiba ya chakula, anawafanyisha mazoezi, na fikira zake ziko kwenye njia ya kwenda Burundi. Mama huyu anajenga kumbukumbu mbili kwa wakati mmoja: ya walikotoka, na ya njia ya kupita siku itakapobidi. Ya pili ni kumbukumbu ya jambo ambalo halijatokea. Mwaka 1973 Mukasonga alivuka kweli kuingia Burundi, naye alikuwa miongoni mwa wale ambao familia ilitaka wasalie hai kwa niaba ya wengine. Wataalamu wa malezi wanaoshughulika na wakimbizi wangefaidika kuisoma sura hiyo kabla ya miongozo mingi.

Lawama moja inastahili kutajwa. Mukasonga anaandika akiwa Ufaransa, alikohamia mwaka 1992, na mara kwa mara sauti ya mfasiri wa utamaduni inamzidi binti. Anaeleza inzu kwa msomaji ambaye hajawahi kuona nyumba ya nyasi. Mkazi wa ukanda huu husoma maelezo hayo kama mtu anayeelezwa ugali. Ni ghaibu inayojipenyeza katika kitabu cha ng'ambo, na Kifaransa, ambacho kilikuwa pasipoti ya mwandishi, kinadai ushuru wake.

Kitabu ambacho wahakiki wamewaachia wanahistoria

Fuir ou mourir au Zaïre kilichapishwa Paris mwaka 2000, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 2004. Umutesi ni mwanasosholojia aliyefanya kazi ya maendeleo vijijini nchini Rwanda. Mwaka 1994 alivuka kuingia Bukavu, akaishi katika mazingira ya kambi za eneo hilo, ikiwemo INERA, na kambi ziliposhambuliwa mwaka 1996 alianza safari ya miguu iliyompeleka magharibi hadi Mbandaka, takriban kilomita 2,000. Katika safari hiyo alikuwa na wasichana wadogo ambao hakuwazaa.

Kitabu hiki kimetumiwa sana kama ushahidi. Wanahistoria wa vita vya Kongo hukinukuu, wanaharakati hukigombania, na wapo wanaokishuku kwa kuwa mateso ya wakimbizi wa 1996 na 1997 yamewahi kutumiwa na watu wengine kufifisha mauaji ya kimbari ya 1994. Tahadhari hiyo ni ya haki. Kambi za Kivu zilikuwa na watoto wasio na hatia na zilikuwa na watu waliokuwa wakijipanga kuua tena. Anayesahau moja kati ya hayo mawili ameandika propaganda. Lakini ugomvi huo umezaa hasara ya pembeni: karibu hakuna anayekisoma kitabu cha Umutesi kama fasihi. Kinahesabiwa kuwa hakina mtindo.

Hukumu hiyo haikubaliki hapa. Mtindo wa Umutesi ni wa mtu anayehesabu. Anataja mahali, siku, bei, idadi ya watu waliokuwapo asubuhi na waliokuwapo jioni. Msomaji aliyezoea riwaya ataona ukavu. Ila swali la kuuliza ni hesabu hiyo inafanya kazi gani, na jibu ni kwamba mlezi aliye njiani na watoto wasio na karatasi, wasio na wazazi na wasio na nyumba hana chombo kingine cha kuwajengea historia. Jina la kijiji ambamo walilala ndilo albamu yao. Kwa mtoto aliyepita katika msitu ule, kujua kwamba alipita wapi na nani alikuwa naye ni msingi wa kuwa mtu mwenye yaliyopita.

Kwa mujibu wa hoja ya makala hii, Fuir ou mourir au Zaïre ndicho kitabu cha Rusizi I kuliko vingine vyote, kwa kuwa kinaonyesha ng'ambo ikigeuka kuwa ghaibu hatua kwa hatua. Mwanzoni, Bukavu, nchi ya nyumbani iko pale, inaonekana. Habari zinavuka, fununu zinavuka, watu wanajadili kurudi kama watu wanaojadili kuvuka barabara. Baada ya kambi kuvunjwa, kila siku ya mwendo kuelekea magharibi inaiondoa Rwanda machoni. Lugha zinabadilika, miti inabadilika, wenyeji hawajui tena milima ambayo wakimbizi wanaitaja. Mtoto aliyeweza kuonyesha kwao kwa kidole sasa anapaswa kupajua kwa ghibu. Hakuna riwaya ya Kiafrika ya mashariki iliyowahi kuuchora mpito huo kwa uwazi wa namna hii, na inafikirisha kwamba umechorwa na mtu ambaye hakudai kuwa mtunzi.

Familia anayoionyesha Umutesi pia inavunja tafsiri ya familia iliyomo katika sheria nyingi za wakimbizi na uhamiaji, ambazo huanza na damu na cheti. Malezi yake yanaanza na nani yuko karibu. Mshauri wa sera anayetafuta fomu ya kuandikisha kaya mpakani angejiuliza wasichana wale wangejazwa katika safu gani.

Mama asiyefundisha, mama anayefundisha kupita kiasi

Petit pays, riwaya iliyopata tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka 2016, imesomwa zaidi kuliko vitabu vingine vyote vya kundi hili na imetengenezewa filamu mwaka 2020. Gaby, msimulizi wake, anakulia Bujumbura katika miaka ya 1990 pamoja na dada yake Ana, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, Yvonne, aliyetoka Rwanda akiwa mtoto. Kwa Yvonne, Burundi ni ugenini. Kwa Gaby, ni nyumbani, na kichochoro chao chenye miembe ndiyo nchi yake. Faye ameliona jambo ambalo wazazi wengi walio nje huchelewa kuliona: ugenini wa mzazi ndio uzawa wa mtoto, na hawa wawili wanaweza kukaa meza moja wakiwa na nchi mbili.

Ugomvi wa lugha ndani ya familia hii ni miongoni mwa kurasa zake bora. Bibi anamlaumu Yvonne kwa kutosema Kinyarwanda na watoto. Anaamini kwamba lugha ndiyo itakayowahifadhi wawe Wanyarwanda hata wakiwa nje. Yvonne hajali. Anawaona watoto wake kuwa Wazungu wenye rangi kidogo, na wakijaribu maneno ya Kinyarwanda anawacheka kwa lafudhi yao. Hapo kuna ukatili mdogo wa kila siku ambao wazazi wa ugenini wataukumbuka kwa aibu: mtoto anayechekwa kwa lugha ya mama yake hajifunzi lugha hiyo, anajifunza kunyamaza.

Kisha riwaya inafanya jambo la kutisha. Baada ya 1994 Yvonne anakwenda Rwanda, anakuta maiti za watoto wa jamaa yake, anarudi akiwa amevunjika. Mama aliyekataa kuwapa watoto lugha sasa anamwendea Ana usiku kitandani na kumsimulia maiti zile. Chote alichokizuia kinamwagika kwa wakati mmoja, bila kipimo, juu ya mtoto asiye na neno hata moja la kukipokelea. Uhakiki mwingi umeisoma sehemu hii kama picha ya wazimu uliotokana na mauaji ya kimbari. Ndivyo ilivyo, lakini pia ni matokeo ya malezi yaliyotangulia. Kumbukumbu iliyonyimwa njia ya kawaida, ya hadithi na mizaha na majina ya jamaa, imeingia kwa dirisha.

Sifa hizo hazizuii kuonyesha kasoro. Riwaya imewekewa fremu ya mtu mzima aliyeko Ufaransa anayeikumbuka Bujumbura. Fremu hiyo inaipa uzuri wake, na inaipa upofu wake. Kila kitu kinatazamwa kama kilichopotea, na kilichopotea kina tabia ya kung'aa. Hili linaonekana zaidi pale familia inaposafiri kwenda Bukavu. Mji unaonekana kutoka katika nyumba ya Jacques, Mbelgiji mzee wa enzi za ukoloni. Kama dhihaka ya ukoloni sura hiyo inafaulu. Lakini Wanyarwanda waliokuwa wakilea watoto katika mji huo tangu miaka ya 1960, wenye hali moja na bibi yake Gaby aliyeko Bujumbura, hawana sauti ndani yake. Gari limefika karibu kabisa na Rusizi, na riwaya haikuutazama mto.

Jacaranda, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2024, inakwenda moja kwa moja ghaibuni. Milan analelewa Versailles na mama Mnyarwanda, Venancia, ambaye hasemi lolote kuhusu alikotoka. Rwanda inaingia nyumbani kwa televisheni mwaka 1994. Ni ugonjwa ule ule alioufahamu vizuri Abdulrazak Gurnah katika The Last Gift (2011), ambamo Abbas, baharia kutoka Zanzibar, analea watoto wawili Uingereza kwa miaka mingi bila kuwaambia ametokea wapi, na hatimaye anazungumza na kinasa sauti. Katika kazi zote mbili ukimya unawezekana kwa sababu ya umbali. Versailles hakuna kilima cha kumsuta Venancia. Ukimya kama huo ungekuwa mgumu zaidi Bukavu, ambako mtoto angerudi kutoka sokoni na swali.

Kiswahili kimekaa wapi

Vitabu vyote vinne viliandikwa kwa Kifaransa. Ugomvi wa kumbukumbu ndani yake, unapowekwa wazi, huwekwa kati ya Kifaransa na Kinyarwanda. Lawama ya bibi katika Petit pays haina nafasi ya lugha ya tatu. Hata hivyo Bujumbura ya Faye ni mji wenye Buyenzi, na Bukavu ya Umutesi ni mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya barabara, ya foleni ya maji na ya watoto wanaocheza. Watoto wa wakimbizi hawakukulia katikati ya lugha mbili. Walikulia katika tatu au nne, na ile ambayo hakuna mzazi aliyewafundisha ndiyo waliyotumia kwa urafiki, kwa ugomvi na kwa mzaha. Kumbukumbu zao za utoto, tofauti na kumbukumbu walizorithishwa, zimo humo kwa kiasi kikubwa.

Uhakiki umelikosa hili kwa sababu unafuata lugha ya kitabu. Sera imelikosa kwa sababu nyingine. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2017. Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Na Kongo ikatia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022. Katika hatua zote hizo hoja iliyosikika zaidi ni ya soko: Kiswahili kitarahisisha biashara, usafiri na ajira. Hoja hiyo ni ya kweli, na mama mwenye kikapu pale Rusizi I ni shahidi wake. Lakini mama huyo anaporudi jioni ana watoto, na huenda mume wake ametoka upande wa pili. Lugha anayopangia bei ndiyo pia anayotumia na shemeji zake. Kuigawa katika Kiswahili cha mpakani na lugha ya nyumbani ni mgawanyo wa ofisini.

Nyaraka za diaspora za ukanda huu zina upungufu unaolingana na huo. Huanza mara nyingi na fedha zinazotumwa na ujuzi unaoweza kurudishwa, kwa sababu anayefikiriwa ni yule aliyepanda ndege. Aliyevuka daraja kwa miguu na kulea watoto kwa miaka thelathini mbele ya kilima cha kwao hana mahali katika nyaraka hizo. Ni mkimbizi, au ni mfanyabiashara mdogo wa mpakani, au ni mgeni. Wanyarwanda waliorudi baada ya 1994 kutoka Zaire, Burundi, Uganda na Tanzania walitambuana kwa nchi walikokulia, na tofauti hizo zilikuwa za lugha, chakula na muziki, yaani za malezi. Zaire, Burundi na Uganda hazikuwa ghaibu kwao. Zilikuwa ng'ambo walizoziacha, na wengine walikuwa na ndugu huko.

Ng'ambo nayo haina dhamana. Machi 2020 Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya UVIKO-19, kilichoonekana kilibaki kuonekana na hakikufikika. Wazazi walio upande mmoja walikuwa na watoto au mama wazee walio upande wa pili, taa zikiwaka mbele yao. Hali hiyo, ya kuona bila kuvuka, haimo katika kitabu chochote kati ya hivi vinne, na mwandishi atakayeiandika hataweza kuazima fremu ya Paris.

Suala la tafsiri linafuata hapo. Kazi ya Ida Hadjivayanis ya kukileta Paradise cha Gurnah katika Kiswahili kwa jina Peponi (2022) imeonyesha kwamba tafsiri inaweza kuirudisha kazi katika lugha ambayo wahusika wake walikuwa wakiisema muda wote. Kwa vitabu vya Rusizi mazingira ni tofauti kidogo. Kiswahili si lugha ya asili ya Stefania wala ya Umutesi. Kwa Umutesi na kwa watoto wa Bujumbura ni lugha ya mahali walipofikia. Kwa hiyo mtafsiri hawezi kujidai kuwa anawarudisha nyumbani. Anachoweza kufanya ni kuwapa watu wa ng'ambo sauti ambayo Kifaransa kiliifunika.

Kazi hiyo ikianza na Umutesi, kama inavyopendekezwa hapa, maamuzi yatakuwa ya neno kwa neno. Kila mahali penye neno la Kifaransa lenye maana ya kuishi nje ya kwao, mtafsiri atapima kama aandike uhamishoni, ugenini au ng'ambo kulingana na umbali ambao wasafiri wamekwisha kutembea, ili msomaji ahisi mlima ukizama nyuma yao. Majina ya vijiji na hesabu za siku havipaswi kupunguzwa kwa ajili ya wepesi. Kiswahili cha mazungumzo ya kambini kitafaa kiwe cha Bukavu, hata kama mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam atakiona na makosa. Na katika ukurasa wa kwanza unaoutaja mto, mtafsiri atalazimika kuchagua kati ya Rusizi, kama unavyoandikwa Cyangugu, na Ruzizi, kama unavyoandikwa Bukavu.